Kosa Nalo Lina Umbo: Kumtambua Samaki kwenye Picha Iliyoharibika

Hotuba iliyotolewa Mwanza mbele ya wanafunzi wa takwimu na kompyuta, maofisa uvuvi na viongozi wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe na uvuvi. Imehaririwa kidogo ili isomeke.

Waheshimiwa wageni waalikwa, maofisa uvuvi, wazee wangu wa BMU mliotoka Igombe na Kayenze, walimu wenzangu, nanyi vijana mliojaa hadi kwenye veranda: wazee shikamooni, vijana hamjambo. Mwangaluka!

Nimeombwa nizungumzie namna kompyuta inavyoweza kumtambua samaki kwa picha yake. Nitalizungumzia, ila nitashika upande ambao haupigiwi debe sana, nao ni picha mbaya. Picha nzuri haimsumbui mtu siku hizi. Mlaze sato kwenye ubao mweupe, ndani, chini ya taa iliyotulia, na programu yoyote ya maana itakwambia huyu ni sato. Sasa twendeni soko la samaki la Mwaloni Kirumba saa tatu asubuhi. Samaki amelowa, magamba yanameremeta, kidole gumba cha aliyemshika kimefunika pezi la mgongoni, kamba ya nailoni imekatiza tumboni, na lenzi ya simu ina tone la maji. Hiyo ndiyo picha tuliyo nayo, na mwakani tutakuwa nayo hiyo hiyo.

Ninachokuja kukitetea hapa ni kwamba picha ya namna hiyo inatambulika, tena kwa hesabu ambazo nyingi mnazifundishwa tayari, mradi tubadilishe jinsi tunavyolipima kosa. Vijana wengi wakiona programu imekosea wanakimbilia modeli kubwa zaidi. Mimi nawaomba kwanza walitazame kosa lenyewe limekaaje.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi watu wa ukanda wa Ziwa Victoria? Kwangu mimi, sababu ya kwanza ni furu. Machoni pa wengi furu ni furu, kisamaki cha kukaanga. Lakini ziwa hili lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za furu, na nyingi hazipatikani kwingine kokote duniani. Mwaka 1977 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza katika Ghuba hii hii ya Mwanza. Waliwatenganisha kwa meno, kwa umbo la taya, kwa rangi za madume. Sangara alikuwa amekwisha kuingizwa ziwani tangu miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla hapa ghubani. Furu wengi wakatoweka wakati watafiti wale bado hawajamaliza hata kuwapa majina. Baadhi wamerudi, na miongoni mwa waliorudi wamo ambao maumbo yao yamebadilika. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walionyesha kwamba maji yakichafuka, majike hawazioni vizuri rangi za madume, na mipaka kati ya spishi hulegea. Kwa hiyo wapo samaki wanaobadilika humu ziwani sasa hivi, na wataalamu wa kuwatenganisha kwa jicho ni wachache mno. Mvuvi anawaona kila siku. Simu anayo. Kinachokosekana ni hesabu ya kuunganisha viwili hivyo.

Ugumu ni kwamba kwa spishi nyingi za furu huwezi kupata maelfu ya picha zilizothibitishwa na mtaalamu. Utapata sita, au kumi ukiwa na bahati. Tena samaki akifa rangi inapauka, hivyo hata rangi usiitegemee sana. Mitandao ya neva inayosifiwa magazetini, yaani programu zinazojifunza zenyewe kutokana na mifano, hulishwa picha nyingi sana. Penye picha kumi ndipo regresheni inapopata nafasi yake.

Niieleze polepole, kwa maana mengine yote yanasimama juu yake. Chukua picha kumi za spishi moja. Zipunguze kila moja iwe na mistari 40 ya kulala na 60 ya kusimama, yaani pikseli 2,400, vile vidoa vidogo vinavyoijenga picha. Kila pikseli ni namba tu, kuanzia 0 kwa weusi hadi 255 kwa weupe. Picha mpya ikija, tunauliza: je, naweza kuijenga kwa kuchanganya zile kumi, ya kwanza kiasi hiki, ya pili kiasi kile? Visivyojulikana ni kumi na milinganyo ni 2,400. Tunafanya hivyo kwa kila spishi, kisha tunatazama masalio, yaani kile kinachobaki ukitoa picha iliyojengwa kutoka kwenye picha halisi. Spishi iliyoacha masalio madogo kuliko zote ndiyo jibu. Imran Naseem, Roberto Togneri na Mohammed Bennamoun waliichapisha njia hii mwaka 2010 kwa kutambua nyuso za watu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuiandika jioni moja na akaelewa kila mstari alioandika, jambo ambalo mimi nalithamini kuliko asilimia mbili tatu za usahihi.

Kwa nini mchanganyiko wa picha chache utoshe? Ronen Basri na David Jacobs walionyesha mwaka 2003 kwamba kitu kilichobinuka, chenye uso usiong'aa, kikimulikwa na mwanga wowote unaotoka mbali, picha zake zote hukaribiwa sana na mchanganyiko wa picha 9 za msingi. Hayo ni matokeo mazuri ajabu. Yanafaa kwa uso wa mtu, kwa kiasi chake. Samaki mbichi anang'aa, na pale jua linapopiga gamba lililolowa hakuna mchanganyiko wa picha 9 utakaoutoa ule mng'ao. Nadharia inatufikisha karibu, halafu inatuachia viraka vya kosa kikubwa hapa na pale. Tutavifanya nini?

Kwa mazoea, tunachukua kosa la kila pikseli, tunalizidisha kwa lenyewe, tunajumlisha. Mazoea haya tumeyarithi kwa wanafalaki. Adrien-Marie Legendre aliyachapisha mwaka 1805 katika hesabu za njia za nyota mkia, na Carl Friedrich Gauss akayaeleza kwa kina mwaka 1809. Lakini nusu karne kabla yao, mwaka 1757, Ruđer Bošković alikuwa amependekeza tujumlishe tofauti zenyewe bila kuzizidisha. Pendekezo lake lilikaa pembeni muda mrefu kwa sababu ni gumu kulikokotoa kwa mkono. Njia ya miraba ilishinda kwa wepesi wake, na wepesi huo ndio unaotugharimu kwenye picha zetu.

Tuseme umepima urefu wa sangara mmoja mara tano: sentimita 42, 43, 41, 42, na ya tano aliyeandika akakosea akaweka 92. Ukitafuta namba moja yenye jumla ndogo kabisa ya miraba ya makosa, unapata wastani, yaani 52. Hakuna hata mpimaji mmoja aliyeona samaki wa sentimita 52! Ukitafuta yenye jumla ndogo ya tofauti tupu, unapata namba ya katikati, 42. Vipimo ni vile vile. Kilichobadilika ni namna ya kulihesabu kosa.

Rudini kwenye picha. Mkono wa mvuvi umefunika moja ya tano ya samaki, yaani pikseli 480. Pikseli 1,920 zilizobaki ni safi, kila moja ina kosa dogo, tuseme 5. Zilizofunikwa zina kosa la 100 kila moja. Kwa miraba, pikseli safi inachangia 25 na iliyofunikwa inachangia 10,000, sawa na pikseli safi 400. Jumlisha zote: pikseli safi zinatoa 48,000, mkono unatoa 4,800,000. Asilimia 99 ya kile programu inachojaribu kukipunguza ni mkono. Ni mkutano wa kijiji ambamo kila mtu anapewa kura kwa kadiri anavyopaza sauti: waliotulia ni wengi na wana habari sahihi, lakini anayeamua ni yule anayepiga kelele. Programu inaacha kumtafuta samaki. Inatafuta spishi ambayo picha zake zinafanana na mkono.

Dawa ya kwanza imejulikana tangu mwaka 1964, Peter Huber alipochapisha kazi yake juu ya makadirio yasiyoyumbishwa na vipimo vibovu. Kosa likiwa dogo, litumie kwa mraba kama kawaida. Likivuka mpaka uliouweka, acha kulizidisha. Kwenye utekelezaji inakuwa kugawa uzito na kurudia: unakadiria, unatazama masalio, unaipunguzia uzito pikseli yenye kosa kubwa, unakadiria tena, mpaka namba zitulie. Mpaka ukiwa 10, pikseli yenye kosa la 100 inabaki na uzito wa sehemu moja ya kumi. Wapo wanaoona hiyo ni huruma mno, nami ni mmoja wao. Kuna fomula za uzito zinazoshuka kwa kasi zaidi, kiasi kwamba pikseli yenye kosa la 5 inabaki karibu na uzito wake wote, na yenye kosa la 100 inakuwa kama haipo.

Hapa pana mtego, na wanafunzi wangu naomba mwandike. Fomula kali ya namna hiyo inategemea ulianzia wapi. Ukianza na makadirio yaliyokwisha kuburutwa na mkono, pikseli za samaki ndizo zitakazoonekana zina kosa, zitanyang'anywa uzito, na mkono utabaki peke yake ukijibu swali. Programu itatulia kabisa kwenye jibu la uongo. Anzeni na picha ya katikati ya spishi yenyewe, kokotoeni masalio kutoka hapo, na mpaka uwe mpana mwanzoni, halafu mubane taratibu kadiri marudio yanavyoendelea.

Wakati huo huo wengine walipita njia tofauti. Mwaka 2009 John Wright na wenzake waliziweka picha za watu wote katika jedwali moja, wakaitaka kompyuta ijenge picha mpya kwa kutumia picha chache iwezekanavyo, na wakaongeza pembeni nafasi za kubeba kosa lenyewe kama kitu kinachokadiriwa. Waliijaribu kwenye nyuso zilizovaa miwani ya jua na skafu, kutoka mkusanyo wa picha za watu 126 uliotengenezwa Barcelona miaka ya 1990. Ilifanya kazi, lakini ilikuwa nzito. Mwaka 2011 Lei Zhang, Meng Yang na Xiangchu Feng wakauliza kama uchache huo wa picha ndio unaosaidia kweli, au ni kule kuzishirikisha picha za watu wote kwa pamoja, kwetu sisi spishi zote. Wakaonyesha kwamba kushirikisha kunafanya sehemu kubwa ya kazi, na kwa miraba ya kawaida iliyodhibitiwa, yaani inayoadhibu namba za mchanganyiko zikiwa kubwa mno, unapata jedwali unalolikokotoa mara moja tu. Baada ya hapo kila picha mpya ni kuzidisha. Simu ya bei ndogo inaweza kuzidisha, hata ikiwa Ukerewe bila mtandao.

Sasa nifike mahali ninapopapenda kuliko pote.

Njia zote nilizozitaja zinaihukumu kila pikseli peke yake. Lakini mkono haujatawanyika. Umekaa mahali pamoja, una ukingo, una rangi inayokaribia kuwa moja. Kivuli cha mtumbwi ni vivyo hivyo. Kosa lina umbo, na sisi tukiipanga picha kuwa mstari mmoja mrefu wa namba 2,400 tunalivunja umbo hilo kwa mikono yetu wenyewe kabla hatujaanza. Jian Yang na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2017, waliliacha kosa likae kama jedwali, mistari na nguzo zake, wakalipima kwa kipimo kinachoitwa norma ya nyukilia: unalichambua jedwali katika tabaka zake za msingi na kujumlisha nguvu za tabaka hizo.

Tazameni kinachotokea. Kiraka cha pikseli 20 kwa 24, zote 480 zikiwa na kosa la 100, kina tabaka moja tu. Norma yake ni 100 mara kipeuo cha pili cha 480, takriban 2,191. Sasa chukua pikseli 40 tu zenye kosa lile lile la 100, zilizotawanyika kiasi kwamba hakuna mbili zinazokaa mstari mmoja au nguzo moja. Norma yake ni 4,000. Pikseli 40 zilizotapakaa zinahesabiwa kuwa kosa kubwa kuliko pikseli 480 zilizokaa pamoja! Kwa kupima pikseli moja moja, ingekuwa 4,000 dhidi ya 48,000, kinyume kabisa. Na hiyo ndiyo akili tuliyoitaka, maana samaki wa spishi isiyo yake anaacha masalio yaliyotapakaa mwili mzima, huku mkono ukiacha kiraka kimoja. Kipimo hiki kinausamehe mkono na kumshtaki samaki asiyehusika. Ni kweli mkono halisi hauna rangi moja tupu, na masalio yanabeba pia alama za samaki aliye chini yake, kwa hiyo tabaka zitakuwa kadhaa. Bado ni chache. Ubaya wake ni muda wa kukokotoa, kwa sababu kila marudio yanadai jedwali lichambuliwe upya. Na vimeremeta vidogo vya magamba, vilivyotawanyika, vinamponza pia samaki aliye sahihi. Ndiyo maana naona kazi iliyo mbele yetu hapa Mwanza ni kuviunganisha vyote viwili: uzito wa pikseli moja moja kwa ajili ya vimeremeta, na norma ya jedwali kwa ajili ya mikono na vivuli.

Lipo jambo la kawaida kabisa linaloharibu kazi nyingi, nalo ni idadi. Ukiwa na picha 200 za sato na 6 za furu fulani, sato atashinda bila haki. Picha 200 zikichanganywa zinaweza kujenga karibu kitu chochote, pamoja na mkono na ubao. Linganisheni idadi, au mzibane picha za kila spishi ziwe na mielekeo mikuu iliyo sawa kwa idadi, na muongeze adhabu kwa mchanganyiko wenye namba kubwa kupita kiasi, ile Arthur Hoerl na Robert Kennard waliyoieleza mwaka 1970.

Mipaka ya njia hizi nayo niitaje waziwazi. Regresheni haivumilii samaki aliyehama. Akisogea pikseli chache, au mkia ukikunjwa, mchanganyiko unavunjika hata kama picha ni safi. Tunahitaji hatua ya kumpanga kwanza, pua kushoto, mkia kulia, jicho mahali pake. Na penye picha nyingi, mtandao wa neva utaishinda regresheni iliyo juu ya pikseli ghafi, hilo sibishani nalo. Ninachopendekeza ni kuutumia mtandao uliokwisha kufunzwa kwingine utoe ramani za sifa za picha, yaani majedwali yanayoonyesha ni wapi kwenye picha kuna alama fulani, kisha regresheni yenye kipimo imara ifanye uamuzi juu ya ramani hizo. Ramani hizo bado zina mahali, juu na chini, kushoto na kulia, kwa hiyo hoja yangu ya umbo la kosa inabaki palepale.

Programu yetu pia iweze kusema sijui. Kwenye njia ya kushirikisha spishi zote, namba za mchanganyiko zikitawanyika kwa spishi nyingi badala ya kukusanyika kwa moja, hiyo ni dalili kwamba samaki huyu hayumo kwenye jedwali. Kwa ziwa ambalo furu wake bado wanabadilika, dalili hiyo ina thamani kuliko jibu. Ofisa akiipata, asimrudishe samaki kwenye tenga. Ampige picha nyingine na amhifadhi.

Katika kujaribu, wanafunzi, kubandika kisanduku cheusi juu ya picha safi na kukiita mkono hakutoshi. Kisanduku cheusi ni rahisi mno. Tena mkigawanya picha za mafunzo na za majaribio, gawanyeni kwa mwalo na kwa siku. Picha mbili za samaki yule yule zilizopigwa kwa kupishana sekunde, moja ikaingia huku na nyingine kule, zitawapa usahihi ambao Kayenze hautaonekana.

Kwa maofisa uvuvi na wazee wa BMU nina ombi moja. Msifute picha zilizoharibika. Mkono, kivuli, tone la maji, acheni vilivyo. Andikeni mwalo, tarehe, na jina ambalo mvuvi mwenyewe anamwita samaki huyo. Ikiwezekana, mpigeni samaki yule yule mara mbili, akiwa ameshikwa na akiwa amelazwa, ili tupate kosa la kweli la kulipima. Nyuma ya ukumbi kuna kompyuta mbili zinazoonyesha masalio ya picha za furu, spishi kwa spishi. Wazee wanaowafahamu furu, tafadhali pitieni pale mtuonyeshe ni wapi programu imedanganyika na imedanganywa na nini. Vijana watakuwa na daftari. Tuanze maswali, na wa kwanza awe mzee wetu wa Igombe ambaye ameinua mkono tangu nilipotaja sangara.